Maktaba moja ya filamu na muziki kwa kompyuta zote za nyumbani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. "Filamu ziko kwenye diski ya nje, nifanyeje zionekane kwenye laptop ya chumba kingine?" "Windows inaniomba nywila ambayo sikumbuki kuiweka." "Mbona video inakwama na intaneti yangu ina kasi?" Mwongozo huu unayajibu kwa mfuatano. Usiruke hatua, hasa ya 2 na ya 3: makosa ya huko huwa hayajitokezi papo hapo, yanakuja kukusumbua ukiwa kwenye hatua ya 7, na hapo utamlaumu asiyehusika.

Kuna kanuni moja ya kushika tangu mwanzo. Kompyuta moja ndiyo inayotunza mafaili. Nyingine zote zinasoma tu. Tutaiita hiyo moja seva. Wengi huanza kwa kuzifanya laptop tatu zigawane folda zao kwa zao. Wiki ya kwanza mambo huenda vizuri, kisha mmoja anafunga laptop yake anatoka nayo, na nusu ya muziki wa nyumba nzima inatoweka. Baadaye kila mmoja ana nakala yake ya albamu ile ile, majina yamepishana, na hakuna anayejua ipi ndiyo sahihi.

Jingine: kasi ya intaneti haihusiki hapa hata kidogo. Faili linatoka kwenye seva, linapita kwenye ruta, linafika kwenye kompyuta yako. Halitoki nje ya nyumba. Hata intaneti ikikatika, filamu inaendelea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya kuwa seva. Ya zamani inatosha, mradi iwe na RAM ya GB 4 au zaidi. Laptop ya zamani ni nzuri kwa sababu umeme ukikatika betri inaibeba kwa muda. Betri ikiwa imevimba, iondoe kabisa. Usiiache kwenye mashine inayowaka usiku na mchana.
- Debian au Ubuntu ikiwa imesakinishwa kwenye seva. Katika mifano yote hapa, akaunti uliyoitengeneza wakati wa kusakinisha inaitwa `mtunza`. Yako ikiwa na jina lingine, weka hilo.
- Diski ya kuhifadhia, tofauti na ile yenye mfumo wa uendeshaji.
- Diski ya pili ya ukubwa huo huo au zaidi, kwa nakala rudufu. Ukisema utainunua baadaye, soma hatua ya 8 sasa hivi.
- Waya wa mtandao wa Cat5e au zaidi, kutoka seva hadi kwenye ruta. Kompyuta nyingine zinaweza kutumia Wi-Fi, lakini seva isitumie. Ikitumia, kila faili linapita hewani mara mbili: kutoka seva kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta kuja kwako.
- Nywila ya kuingilia kwenye ruta. Mara nyingi imebandikwa chini yake.

Kuhusu kasi, usichanganye b ndogo (biti) na B kubwa (baiti, yaani biti 8). Waya wa 100 Mb/s unakupa takriban MB 11 kwa sekunde. Wa 1000 Mb/s unakupa takriban MB 110. Faili la GB 4 litachukua kama dakika 6 kwa ule wa kwanza na sekunde 40 hivi kwa huu wa pili. Kwa kutazama tu, muziki wa FLAC wa ubora wa CD unahitaji kama 1 Mb/s, na filamu ya 1080p iliyotolewa kwenye Blu-ray bila kubanwa upya inahitaji 20 hadi 40 Mb/s. Filamu ya 4K isiyobanwa upya inaweza kupanda kupita 80 Mb/s kwenye matukio yenye pilikapilika, na hapo ndipo waya wa 100 Mb/s na Wi-Fi dhaifu huanza kukwama.

## Hatua ya 1: Ipe seva anwani isiyobadilika

Ruta hugawa anwani za IP kwa muda. Leo seva ni 192.168.1.23, wiki ijayo ni 192.168.1.31, na kompyuta zote zinadai seva haipo.

1. Kwenye seva, andika `ip a`. Angalia anwani inayoanza na 192.168 au 10, na mstari wa `link/ether` wenye tarakimu na herufi jozi sita. Huo ndio utambulisho wa kadi ya mtandao.
2. Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, yaani inayogawa anwani, kisha uitengee kadi hiyo anwani moja ya kudumu. Hapa tutatumia 192.168.1.50.
3. Washa seva upya, uhakikishe kwa `ip a` kwamba imepewa anwani hiyo.

Usiiandike anwani ya kudumu ndani ya seva yenyewe bila kuiarifu ruta. Ruta inaweza kumpa mwingine anwani hiyo hiyo, na mgongano wa namna hiyo ni mgumu kuugundua kwa sababu hutokea na kutoweka.

Kama seva ni laptop, izuie isilale kifuniko kikifungwa. Fungua `/etc/systemd/logind.conf`, weka mstari `HandleLidSwitch=ignore`, kisha:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
sudo reboot
```

## Hatua ya 2: Andaa diski

Diski nyingi za nje huja zimeandaliwa kwa NTFS au exFAT, mitindo ya kupanga mafaili inayotumiwa na Windows. Linux inazisoma zote mbili, ila ruhusa za mafaili haziendi kama kawaida: `chmod` haifanyi ulichotarajia, na utahangaika nayo miezi mingi. Kwa diski itakayokaa kwenye seva daima, tumia ext4, mtindo wa Linux wenyewe.

Tahadhari: amri ya `mkfs` hapa chini inafuta kila kitu kilichomo. Hamisha mafaili kwanza, na uwe na uhakika wa jina la diski.

1. Orodhesha diski kwa `lsblk -f`. Ukubwa ndio utakaokuonyesha ipi ni ipi. Tuseme ni `/dev/sdb1`.
2. Mazingira ya Ubuntu yenye madirisha huwa yameshaipachika diski yenyewe, yaani yameiunganisha na folda. Itoe hapo kwanza, kisha uiandae:

```
sudo umount /dev/sdb1
sudo mkfs.ext4 -m 0 -L maktaba /dev/sdb1
```

Hilo `-m 0` lina kazi. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mfumo. Kwenye diski ya TB 4 ni GB 200 zinazokaa bure. Kwenye diski ya filamu hazihitajiki.

3. Tengeneza mahali pa kuipachika, kisha upafunge:

```
sudo mkdir -p /srv/maktaba
sudo chattr +i /srv/maktaba
```

Hiyo `chattr +i` inaikataza folda tupu isiandikwe chochote wakati diski haijapachikwa. Bila hiyo, siku waya wa USB ukilegea utamwaga GB 60 za filamu kwenye diski ya mfumo bila kujua, ijae, na seva igome kuwaka sawasawa.

4. Fungua `/etc/fstab` kwa `sudo nano`, ongeza mstari huu mwishoni:

```
LABEL=maktaba /srv/maktaba ext4 defaults,nofail 0 2
```

Usiandike `/dev/sdb1` hapo. Jina hilo linaweza kuwa `/dev/sdc1` ukichomeka flashi nyingine na kuwasha upya. Neno `nofail` linaifanya seva iwake hata diski ikikosekana.

5. Pachika na uhakikishe:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
df -h /srv/maktaba
```

Ukubwa unaoonyeshwa uwe wa diski yako mpya. Ukiona ule wa diski ya mfumo, haijapachikwa. Rudi kwenye `/etc/fstab`.

Kosa la kawaida kabisa hapa ni kuiacha diski pale Ubuntu ilipoipachika yenyewe, yaani `/media/mtunza/...`. Folda hiyo ni ya mtumiaji aliyeingia tu. Wewe utaziona filamu zako zote, lakini Jellyfin, programu ya kuonyesha filamu tutakayoiweka hatua ya 7, inayoendeshwa na mtumiaji wake anayeitwa `jellyfin`, haitaona hata moja, wala haitakueleza sababu.

## Hatua ya 3: Ruhusa

Tutakuwa na watu wawili: `mtunza` anayeongeza na kufuta, na `familia` anayesoma tu.

```
sudo groupadd maktaba
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin familia
sudo usermod -aG maktaba mtunza
sudo usermod -aG maktaba familia
sudo chown -R mtunza:maktaba /srv/maktaba
sudo find /srv/maktaba -type d -exec chmod 2775 {} +
sudo find /srv/maktaba -type f -exec chmod 664 {} +
```

Folda na mafaili vina namba tofauti kwa sababu folda inahitaji ruhusa ya "kupitia" ili iweze kufunguliwa, faili la video halihitaji. Anayepiga `chmod -R 664` kwa vyote pamoja anajifungia nje: majina ya folda yanaonekana, yaliyomo hayaonekani. Na anayepiga `chmod -R 777` amempa kila mtu na kila programu uwezo wa kufuta maktaba nzima. Ushauri huo wa 777 umeenea sana. Uache.

Toka kisha uingie upya ili kundi jipya litambulike. Zile amri mbili za `find` zihifadhi. Utazirudia kila ukileta rundo la mafaili kutoka diski nyingine.

## Hatua ya 4: Panga folda na majina

Hapa usiwe mvivu. Programu zote zinazokutafutia picha za jalada na maelezo zinategemea jina la faili na mwaka.

```
/srv/maktaba/Filamu/Jina la Filamu (2016)/Jina la Filamu (2016).mkv
/srv/maktaba/Filamu/Jina la Filamu (2016)/Jina la Filamu (2016).sw.srt
/srv/maktaba/Tamthilia/Jina la Tamthilia (2012)/Season 01/Jina la Tamthilia S01E01.mkv
/srv/maktaba/Muziki/Msanii/Albamu/01 Wimbo.flac
```

Mwaka kwenye mabano ndio unaotenganisha filamu mbili zenye jina moja. Manukuu yabebe jina lile lile la filamu, kisha alama ya lugha: `sw` kwa Kiswahili, `en` kwa Kiingereza. Folda za misimu ziache kwa jina la `Season 01`, maana ndilo Jellyfin inalolitambua. Filamu na tamthilia zisichanganywe kwenye folda moja.

Epuka alama hizi kwenye majina: `\ / : * ? " < > |`. Linux inazikubali karibu zote, Windows haikubali hata moja. Faili lenye nukta mbili (`:`) jinani litaonekana kwenye Windows kwa jina fupi la ajabu lenye alama ya `~`, na mtu ataapa kwamba limeharibika. Angalia pia herufi kubwa na ndogo: kwa Linux, `Muziki` na `muziki` ni folda mbili, kwa Windows ni moja, na utaona yaliyomo ya moja tu.

Kwa muziki, jina la faili lina uzito mdogo kuliko taarifa zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe. Sehemu inayosahaulika ni ya msanii wa albamu. Albamu yenye wasanii waalikwa, kama sehemu hiyo ni tupu, hupasuka vipande: nyimbo tisa huku, wimbo mmoja kule, mwingine kule. Programu ya MusicBrainz Picard inarekebisha albamu nzima kwa mkupuo. Fanya kazi hii kabla ya kugawa folda, si baadaye.

## Hatua ya 5: Gawa folda kwa Samba

Samba inaifanya seva ya Linux izungumze lugha ya mtandao ambayo Windows, Mac na Linux zote zinaielewa.

```
sudo apt update
sudo apt install samba
sudo nano /etc/samba/smb.conf
```

Ongeza haya mwishoni mwa faili:

```
[maktaba]
   path = /srv/maktaba
   browseable = yes
   read only = yes
   guest ok = no
   valid users = mtunza, familia
   write list = mtunza
   force group = maktaba
   create mask = 0664
   directory mask = 2775
```

Kisha nywila, ukaguzi na kuwasha upya:

```
sudo smbpasswd -a familia
sudo smbpasswd -a mtunza
testparm
sudo systemctl restart smbd
```

Nywila ya Samba si nywila ya kuingilia kwenye kompyuta. Ni mbili tofauti, hata kama jina la mtumiaji ni moja. Ile "nywila ambayo sikumbuki kuiweka" ni hii, na kwa kweli hujaiweka mpaka umepiga `smbpasswd`.

Kwa nini kusoma tu? Mac huacha mafaili ya `.DS_Store` kila folda inayofunguliwa, programu za muziki hupenda kuandika upya taarifa za nyimbo bila kuuliza, na mtoto mmoja na kitufe cha Delete wanatosha. Faili likifutwa kupitia mtandao haliendi kwenye kapu la taka. Limekwenda.

Kama ngome ya seva, yaani `ufw`, imewashwa, fungua njia kwa mtandao wa nyumbani peke yake:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 8096 proto tcp
```

Utakutana na miongozo ya zamani inayokuambia uwashe SMB1, toleo la kwanza la lugha hiyo ya mtandao, ili kompyuta zionane. Usifanye hivyo. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa Mei 2017 kilipitia udhaifu wa SMB1. Na poti 445 usiifungue kamwe kwenye ruta kuelekea intaneti. Ukitaka kusikiliza muziki wako ukiwa safarini, tumia VPN kama WireGuard.

## Hatua ya 6: Unganisha kompyuta nyingine

Windows. Hakikisha mtandao umewekwa kuwa wa faragha, si wa umma. Fungua dirisha la amri la kawaida, bila kuchagua kuliendesha kama msimamizi, uandike:

```
cmdkey /add:192.168.1.50 /user:familia /pass
net use M: \\192.168.1.50\maktaba /persistent:yes
```

Ya kwanza itakuuliza nywila na kuihifadhi. Ukizipiga kama msimamizi, diski M: itaunganishwa kwa msimamizi, na wewe hutaiona unapofungua mafaili yako. Watu hurudia amri hii mara kumi wakidhani imekataa, kumbe imekubali, ila kwa mtu mwingine.

Mac. Ukiwa kwenye Finder bonyeza Command na K, andika `smb://familia@192.168.1.50/maktaba`, na uruhusu nywila ihifadhiwe. Ili ijiunge kila ukiingia, iweke kwenye orodha ya Login Items.

Linux. Sakinisha `cifs-utils`, tengeneza folda `/mnt/maktaba`, kisha faili `/etc/maktaba.siri` lenye mistari miwili:

```
username=familia
password=nywila-yako
```

Lifunge kwa `sudo chmod 600 /etc/maktaba.siri`, halafu ongeza kwenye `/etc/fstab`:

```
//192.168.1.50/maktaba /mnt/maktaba cifs credentials=/etc/maktaba.siri,ro,uid=1000,nofail,_netdev,x-systemd.automount 0 0
```

Sehemu ya `x-systemd.automount` inasubiri mpaka uifungue folda ndipo iunganishe. Bila hiyo, laptop inajaribu kuunganisha kabla Wi-Fi haijashika, inashindwa, na haijaribu tena.

Kwa muziki, wengi wanaweza kuishia hapa. Kila kompyuta ifungue programu yake ya muziki, uielekeze kwenye folda hiyo, na ijitengenezee orodha yake. Angalizo kubwa: faili la kumbukumbu za programu hiyo libaki kwenye kompyuta yenyewe. Mara nyingi ni hifadhidata ya SQLite, na ikiwekwa kwenye folda ya pamoja ili kompyuta mbili ziiandike kwa zamu, kufuli zake haziaminiki kupitia mtandao. Siku moja itaharibika pamoja na nyota zote ulizowapa wasanii wako.

Orodha za nyimbo zinaweza kugawanwa, kwa sharti moja: njia ziandikwe kuanzia pale faili la orodha lilipo. `M:\Muziki\Msanii` haina maana kwa Mac. Weka faili la `.m3u8` ndani ya `Muziki/Orodha`, na kila mstari uanze hivi: `../Msanii/Albamu/01 Wimbo.flac`. Litafanya kazi kila mahali.

## Hatua ya 7: Jellyfin kwa ajili ya video

Folda ya pamoja inatosha kama unaridhika kufungua filamu kwa VLC. Ukitaka picha za jalada, kila mtu aendelee pale alipoishia, na kutazama ndani ya kivinjari, weka Jellyfin kwenye seva peke yake. Wapo wanaoisakinisha kwenye kila kompyuta kisha wanashangaa mbona hazifanani.

```
curl -fsSL https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh -o jf.sh
less jf.sh
sudo bash jf.sh
```

1. Kwenye kompyuta yoyote fungua `http://192.168.1.50:8096`.
2. Tengeneza akaunti ya msimamizi, kwa nywila ya kweli.
3. Ongeza maktaba: aina ya filamu kwa `/srv/maktaba/Filamu`, aina ya tamthilia kwa `/srv/maktaba/Tamthilia`. Jellyfin inasoma diski moja kwa moja, haipitii Samba.
4. Mpe kila mtu wa nyumbani akaunti yake, bila ruhusa ya kufuta. Mkitumia moja, filamu uliyoiacha katikati jana utaikuta imeshamalizwa na mwingine.

Sasa sehemu inayowachanganya wengi. Kifaa kikiweza kusoma faili kama lilivyo, seva inalituma tu, na hata kompyuta dhaifu inawahudumia watu kadhaa. Kisipoweza, seva inaigeuza video papo kwa papo, na hapo ndipo feni inapoanza kulia. Sababu za kawaida ni tatu: video iliyobanwa kwa mtindo wa HEVC kwenye kivinjari kisichoujua, sauti ya mtindo wa DTS, na manukuu ya picha yaliyotoka kwenye Blu-ray, ambayo seva inalazimika kuyachoma juu ya video fremu kwa fremu. Fungua dashibodi ya Jellyfin wakati filamu inaendelea. Itakuambia kama inageuza, na kwa nini.

Dawa rahisi ni kutumia programu ya Jellyfin ya kompyuta badala ya kivinjari, na manukuu ya `.srt` badala ya yale ya picha. Kama kugeuza hakukwepeki na seva ina prosesa ya Intel, washa Quick Sync, sehemu ya prosesa hiyo inayogeuza video, kwenye mipangilio ya uchezaji, baada ya kumpa `jellyfin` ruhusa ya kadi ya picha:

```
sudo usermod -aG render jellyfin
sudo systemctl restart jellyfin
```

Kusoma HEVC ya biti 10 kwa njia hiyo kunahitaji prosesa ya kizazi cha 7 au kipya zaidi.

## Hatua ya 8: Nakala rudufu

Diski mbili kwenye RAID, yaani zilizounganishwa ziandikwe kitu kile kile kwa pamoja, si nakala rudufu. Ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote mbili papo hapo. Chomeka diski ya pili mara moja kwa wiki, uipachike `/mnt/nakala`, kisha:

```
mountpoint -q /srv/maktaba && mountpoint -q /mnt/nakala && sudo rsync -a --delete -n -v /srv/maktaba/ /mnt/nakala/
```

Hilo `-n` linaonyesha tu kitakachofanyika. Soma orodha, hasa mistari ya `deleting`, kisha urudie bila `-n`. Usiondoe yale maneno ya `mountpoint`. Bila hayo, siku diski ya maktaba isipopachikwa, `rsync` itaona folda tupu, na kwa utiifu wote itaifanya nakala yako nayo iwe tupu. Mkwaju wa mwisho wa `/srv/maktaba/` nao una maana: ukiusahau, utapata folda ya `maktaba` ndani ya `nakala`.

Ukimaliza, ichomoe diski uiweke mbali na seva.

## Ukikwama

Seva haionekani kwenye orodha ya mtandao ya Windows. Si tatizo. Andika `\\192.168.1.50\maktaba` moja kwa moja kwenye upau wa anwani. Ikifunguka, kila kitu ni kizima.

Hata anwani haifunguki. Jaribu `ping 192.168.1.50`. Isipojibu, angalia kama laptop imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Mtandao huo umetengenezwa kuzuia vifaa visionane. Ikijibu lakini folda haifunguki, shida iko kwenye ngome au Samba haijawaka: `systemctl status smbd`.

Windows inatoa kosa 1219. Umeshaunganishwa na seva hiyo hiyo kwa jina lingine, na Windows hairuhusu majina mawili kwa pamoja. Piga `net use * /delete`, kisha uunganishe upya. Kumbuka amri hiyo inakata diski zote za mtandao.

Nywila inakataliwa na una uhakika nayo. Rudia `sudo smbpasswd -a familia` kwenye seva. Kwenye Windows, jina liandike `192.168.1.50\familia`, la sivyo inaweza kutuma akaunti yako ya Microsoft. Futa pia ile ya zamani: `cmdkey /delete:192.168.1.50`.

Folda inaonekana, mafaili hayafunguki. Ruhusa. Rudia zile amri mbili za `find`. Kuona kama Jellyfin inaweza kusoma, piga `sudo -u jellyfin ls /srv/maktaba/Filamu`. Ikikataa hapo, hakuna cha kubadilisha ndani ya Jellyfin kitakachosaidia.

Kunakili kunakwama kwenye MB 11 kwa sekunde. Namba hiyo ikitulia hapo hapo, mahali fulani kuna kiungo cha 100 Mb/s. Piga `cat /sys/class/net/*/speed` kwenye seva. Ukiona 100 wakati kadi na ruta ni za 1000, badilisha waya: kasi ya 1000 inatumia jozi zote nne, ile ya 100 inatumia mbili, hivyo waya wenye jozi moja iliyokatika unaweza kuendelea kufanya kazi kimyakimya kwa kasi ya chini.

Video inakwama kwenye Wi-Fi tu. Sakinisha `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao, pande zote mbili. Kwenye seva piga `iperf3 -s`, kwenye laptop `iperf3 -c 192.168.1.50 -R`, ukiwa umekaa pale pale unapotazamia. Ikitoa chini ya mara mbili ya kinachohitajika na filamu, hamia GHz 5, sogeza ruta, au vuta waya. Kama `ufw` imewashwa, fungua poti 5201 kwa muda wa jaribio kisha uifunge.

Nyakati fulani faili la kwanza linachelewa sekunde kumi, kisha mambo yanakuwa sawa. Diski ilikuwa imelala. Diski nyingi za nje hujizima zenyewe zisipotumika. Haina madhara.

Diski inatoa sauti ya kugonga, au faili moja linakwama pale pale kila mara. Sakinisha `smartmontools`, piga `sudo smartctl -a /dev/sdb`, uangalie mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Ikiwa namba ya mwisho wa mstari si sifuri na inapanda kila ukirudia, diski inakufa. Usiendeshe `rsync` yenye `--delete` kutoka kwenye diski hiyo. Itoe, na urudishe maktaba kutoka kwenye nakala.